Miaka Kumi Bila Mume Si Talaka

Tuseme mwanamke alifunga ndoa kanisani. Mwaka 2012 mumewe akaenda machimboni Geita, akatuma hela miezi michache, kisha kimya. Majirani humwambia hiyo ndoa ilishakufa. Kisheria bado ipo, na mume akirudi kesho kudai sehemu yake ya nyumba, atadai akiwa mume halali.

Tanzania Bara haina sheria ya talaka ya Wakristo peke yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inagusa ndoa zote, za kanisani, za msikitini, za kimila na za bomani, na anayezivunja ni mahakama. Padri hana mamlaka hayo, wala kikao cha ukoo. Na kwa kuwa ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, atakayefunga nyingine kabla ya ile ya kwanza kuvunjwa, hiyo ya pili ni batili, hata ikiwa na picha nzuri za harusi.

Mahakama hujiuliza swali moja: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Kutengana ni ushahidi kwamba imevunjika hivyo, kwa namna mbili. Kwanza, kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu. Pili, kutengana kwa hiari au kwa amri ya mahakama, nako kwa miaka mitatu au zaidi. Angalia neno makusudi. Aliyehamishiwa kazi Mtwara, anayepiga simu na kulipa ada za watoto, hajamtelekeza mtu. Na wewe uliyeondoka bila sababu ukaishi kwingine, usitegemee kosa lako mwenyewe likupe talaka. Kwa kawaida ombi la namna hiyo hukataliwa.

Wengi hukwama kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kabla ya kwenda mahakamani, shauri lipitie huko, na likishindikana, baraza litoe hati ya kuthibitisha hivyo. Hati hiyo isizidi miezi sita siku unapofungua shauri. Barua ya mchungaji kwamba "tumewasuluhisha wakashindwana" haitoshi, labda kanisa lenyewe liwe na baraza linalotambuliwa kisheria. Nimeona mashauri ya miaka yakitupwa kwa sababu ya karatasi hii moja. Lakini mwanamke wetu ambaye mumewe alikwenda Geita ana nafuu: aliyetelekezwa na asiyejua mwenzake aliko halazimiki kupita barazani. Mwenzako akiitwa barazani akakaidi makusudi, hiyo nayo ni sababu ya kuendelea mbele.

Shauri linaweza kuanzia mahakama ya mwanzo. Beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na chochote kinachoonyesha mlitengana lini: barua ya mwenyekiti wa mtaa, miamala ya simu iliyokoma mwezi fulani, jirani aliyeshuhudia akifunga mizigo. Usiseme "zamani sana". Taja mwezi na mwaka.

Mali mliyochuma pamoja hugawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Usiogope kwa kuwa hukuwa na mshahara: tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Kwa watoto, mahakama hutazama kwanza ustawi wao, na kwa walio chini ya miaka saba huanza na dhana kwamba kukaa na mama ni bora, dhana ambayo baba anaweza kuipinga kwa ushahidi.

Kanisa ni habari nyingine. Kwa Mkatoliki, amri ya hakimu haimruhusu kufunga ndoa tena altareni. Atapaswa kwenda mahakama ya Kanisa kuomba ndoa ya kwanza itamkwe kuwa batili. Nayo hukumu ya Kanisa haivunji ndoa mbele ya Serikali. Anayetaka yote mawili ataenda kote kuwili.

Ukishapata amri ya talaka, usiifungie kabatini. Chukua nakala, hakikisha talaka imesajiliwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili.