Masika na Kiangazi katika Maisha ya Mkristo



Masika yakiisha kupita, sisi tukaao kandokando ya Kilimanjaro twajua la kufanya. Twavuna, twapura, twapepeta, na mbegu twaziweka darini juu ya moto, ili moshi uwazuie wadudu. Hakuna mkulima amnung'unikiaye Mungu kwa kuwa mvua zimekoma, maana ajua ya kuwa mahindi hayakauki katika mvua. Lakini majira ya maisha yakigeuka, ukaja ujane, au ugonjwa, au kazi ikatutoka, mara twasema, "Mungu ametuacha." Neno hili tumelisikia kwa wengine, na mara nyingine tumelisema sisi wenyewe.

Basi twataka kuwakumbusha habari za Paul Gerhardt, mtunga nyimbo wa kanisa letu la Kilutheri. Alizaliwa katika Ujerumani mwaka 1607. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 vilianza vita vilivyodumu miaka 30. Baba yake alikufa mwaka 1619, mama yake mwaka 1621, na mwaka 1637 mji wa kwao uliteketezwa kwa moto. Hakupewa usharika wa kuuchunga hata mwaka 1651, naye alikuwa na umri wa miaka 44. Hicho kilikuwa kiangazi kirefu!

Kisha mvua zikanyesha. Mwaka 1653 ulichapwa wimbo wake wa kusifu majira ya joto ya Ulaya, wenye kutaja ndege, nyuki na ngano. Mwaka 1655 akaoa. Kama ingalikuwa hadithi ya kubuni, tungaliikomesha hapa. Lakini katika watoto wake 5, wanne walikufa wangali wadogo. Mwaka 1666 aliondolewa kazini Berlin, kwa kuwa dhamiri yake ilimkataza kutia sahihi amri ya mtawala juu ya mabishano ya mafundisho. Mwaka 1668 mkewe akafa. Mwaka uliofuata akaenda kuuchunga usharika wa Lübben, pamoja na mwana wake mmoja aliyesalia, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1676.

Jambo moja latushangaza. Mkewe alipokufa, nyimbo zake karibu zote zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Baada ya hapo alitunga chache mno. Twaona, basi, ya kuwa mzee yule hakulima shamba jipya wakati wa ukame. Alikula akiba aliyoiweka darini zamani. Nasi, je, tumeweka nini huko katika miaka yetu ya shibe?

Katika kanisa la Lübben iko picha yake, na maandiko yake yamtaja kuwa mwalimu wa dini aliyepepetwa katika ungo wa Shetani. Mtume Petro naye alionywa juu ya kupepetwa, Luka 22:31. Someni na aya ifuatayo, mwone ni nani aliyemwombea.