Shafti Juu ya Utando wa Oili: Kwa Nini Hutulia, Kwa Nini Huyumba

Mtahiniwa akiulizwa kazi ya oili kwenye mashine, hujibu haraka: "Kupunguza msuguano." Jibu ni sahihi, lakini halitoshi. Oili pia hubeba uzito wa shafti, na wakati mwingine huisukuma hadi itetemeke.

1. Oili hubebaje shafti?

Bushi ni kubwa kidogo kuliko shafti. Shafti ikisimama, hulala chini na kugusa bushi. Ikizunguka kwa kasi ya kutosha, huivuta oili na kuiingiza kwenye nafasi inayozidi kuwa nyembamba. Kanieneo ya oili hupanda na kuinua shafti. Mwaka 1883, Beauchamp Tower wa Uingereza alitoboa tundu juu ya beringi aliyokuwa akiijaribu. Oili ilitoka kwa nguvu, na hata kizibo alichoweka kikasukumwa nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza jambo hilo kwa hisabati.

2. Myumbo hutokeaje?

Oili inayogusa shafti huenda kwa kasi ya uso wa shafti. Inayogusa bushi haisogei. Hivyo, kwa wastani, oili huzunguka kwa nusu ya kasi hiyo. Shafti yenye mzigo mzito hukaa upande mmoja wa bushi na kutulia. Yenye mzigo mwepesi hukaa karibu na katikati, na oili huweza kuisukuma izunguke ndani ya bushi, kuelekea upande uleule inakozunguka. Kwa kuwa oili huvuja kwenye ncha za bushi, myumbo huu huwa chini kidogo ya nusu ya mzunguko.

Zingatia: kila shafti ina frikwensi asilia. Myumbo ukilingana nayo, rezonansi hutokea: mtetemo hukua na unaweza kuharibu beringi. Kwa kuwa myumbo ni karibu nusu ya mzunguko, hatari hii huanza mzunguko unapofika takriban mara mbili ya frikwensi asilia.

3. Mfano

Shafti ya tabo yenye kipenyo cha 0.2 m huzunguka mara 3000 kwa dakika. Tafuta (a) frikwensi ya mzunguko, (b) kasi ya uso wa shafti, (c) kasi ya wastani ya oili. (d) Kipimo kinaonyesha mtetemo wa 23 Hz. Je, chanzo kinachoelekea zaidi ni shafti kutosawazika au myumbo wa oili?

Jibu:
(a) 3000 ÷ 60 = 50 Hz
(b) 3.14 × 0.2 × 50 = 31.4 m/s
(c) 31.4 ÷ 2 = 15.7 m/s
(d) Shafti isiyosawazika hutetema mara moja kwa kila mzunguko, yaani 50 Hz. 23 Hz ni chini kidogo ya 25 Hz, ambayo ni nusu ya mzunguko. Chanzo ni myumbo wa oili.

4. Kuzuia myumbo

- Kufupisha bushi, ili kanieneo ya mzigo kwenye eneo dogo iongezeke.
- Kurekebisha mnato wa oili, kwa mfano kwa kubadili joto lake.
- Kutumia beringi yenye vipande vinavyoinama, ambavyo hujipanga vyenyewe kulingana na mzigo.

Kosa la kuepuka: usiandike kwamba kupunguza mzigo daima huituliza shafti. Kwenye beringi ya oili, wepesi ndio unaoialika hatari.

Jipime: Shafti ina frikwensi asilia ya 20 Hz. Kadiria mzunguko ambapo hatari ya rezonansi huanza.

Jibu: 2 × 20 = 40 Hz; 40 × 60 = mara 2400 kwa dakika.

Ukisahau yote, kumbuka neno "nusu", kisha uanze kueleza kutoka hapo.