Ladha na Mazoea ya Mchezaji wa Kujiburudisha: Uchunguzi wa Michezo ya Video

1.0 Utangulizi

Makala haya yananuia kuchunguza ladha na mazoea ya mtu achezaye michezo ya video bila ya kuufanya uchezaji huo kuwa kazi wala mashindano. Mtu huyu si mgeni kwetu. Ni abiria aliyeiinamia simu ndani ya matatu, karani apangaye karata kwenye kompyuta saa ya chakula cha mchana, na mwanafunzi apitiaye kibanda cha michezo kabla ya kurudi bwenini. Yeye hudhaniwa kuwa hana ladha yoyote: huucheza mchezo wowote ulio karibu naye, kisha akausahau. Dai letu ni kwamba ladha anayo, na kwamba ladha hiyo ina kanuni inayoweza kuelezwa kwa Kiswahili sanifu. Mfano tutakaoutumia ni wa mwandishi mwenyewe. Msomaji anaombwa aupime kwa mazoea yake.

2.0 Tatizo la jina

Kabla ya kuijadili ladha ya mchezaji huyu, hatuna budi kumpa jina. Kiswahili kinatupa vitenzi kadhaa, na kila kimoja kina hukumu yake. Tukisema kwamba anajipumbaza, tunamsogeza karibu na pumbao na upumbavu. Anaonekana kama mtu aliyejitoa akili kwa hiari. Tukisema kwamba anapitisha wakati, tunadokeza kwamba wakati wenyewe hauna kazi nyingine. Wapo wasemao kwamba anaua wakati, lakini usemi huo ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Tukisema kwamba anajiburudisha, tunapata maana ya kupoa na kuburudika, kama afanyavyo mtu aliyetoka juani akaketi kivulini. Kupoa huku si uvivu, kwa kuwa mtu hupoa ili aendelee na safari.

Aidha, kitenzi 'cheza' chenyewe kina funzo. Tunasema kwamba jino linacheza au msumari unacheza, tukimaanisha kwamba kimelegea na kina nafasi ya kusogea. Yamkini matumizi haya yanatukumbusha kwamba mchezo huhitaji nafasi, na kwamba kazi inapombana mtu pande zote, uchezaji hauna pa kuingilia. Kwa sababu hizi, makala haya yanatumia istilahi 'mchezaji wa kujiburudisha'.

3.0 Msingi wa kinadharia

Wataalamu watatu watatufaa. Johan Huizinga wa Uholanzi, katika kitabu chake Homo Ludens cha 1938, aliueleza mchezo kuwa tendo la hiari lifanyikalo ndani ya mipaka yake ya wakati na mahali. Roger Caillois wa Ufaransa, mnamo 1958, aliigawa michezo katika mafungu manne: ushindani, bahati, uigaji na kizunguzungu. Jesper Juul wa Denmark, katika kitabu chake A Casual Revolution cha 2010, aliitazama michezo ya wachezaji wa aina tunayoijadili. Miongoni mwa sifa alizozitaja ni kwamba michezo hiyo huweza kukatizwa bila ya mchezaji kupata hasara kubwa. Sifa hii tutaiita ukatizikaji, kutokana na kitenzi 'katizika'. Ndiyo nguzo ya mjadala wetu.

4.0 Uchanganuzi wa michezo teule

4.1 Nyoka wa simu

Mchezo wa Snake ulitiwa ndani ya simu ya Nokia 6110 mnamo 1997, na programu yake iliandikwa na Taneli Armanto. Nyoka hula, hurefuka, na hufa akijiuma mwenyewe. Kanuni zake mtu huzielewa kwa kutazama tu. Kwa wengi wetu huu ndio mchezo wa kwanza wa kielektroniki tuliowahi kuugusa, kwenye simu ya mzazi, na tuliucheza huku tukijua kwamba wakati wowote tungeitwa na kutumwa dukani. Mchezo wenyewe haukulalamika. Raundi ilichukua dakika chache, na iliyopotea haikuacha deni.

4.2 Tetris na karata

Alexey Pajitnov aliubuni mchezo wa Tetris mjini Moscow mnamo 1984. Una maumbo saba, kila umbo likiwa na miraba minne, na kazi ya mchezaji ni kuyapanga yaangukapo ili mstari ujae na kufutika. Jinsi mtu anavyoendelea ndivyo kasi inavyozidi, hadi rundo lifike juu. Raha yake imo katika kupanga: vitu vinavyoshuka ovyo vinapata mahali pake. Mwandishi huurudia hasa baada ya kusahihisha insha yenye sentensi zisizotengenezeka.

Karata za mchezaji mmoja, zilizoletwa pamoja na Windows 3.0 mnamo 1990, zina bahati ndani yake. Hapa kasi si lazima. Mchezaji anaweza kuziacha, akahudumia wateja watatu, akarudi na kuzikuta zilivyokuwa.

4.3 Kandanda ya kibandani

Mfululizo wa FIFA ulianza 1993 na ulitumia jina hilo hadi FIFA 23 ya mwaka wa 2022. Tangu 2023 unaitwa EA Sports FC. Huu ni wa fungu la ushindani, lakini mchezaji wa kujiburudisha huuchezea kwa njia yake. Bingwa huchagua timu yenye washambuliaji wenye kasi. Yeye huchagua timu aipendayo, hata kama msimu huo ni dhaifu, na akifungwa hujitetea kwa maneno mengi kuliko aliyoyatumia uwanjani. Katika vibanda vingi tulivyovifahamu, aliyeshindwa ndiye aliyelipia mechi. Sehemu kubwa ya ladha hapa ni watu: utani, kelele za watazamaji, na kusubiri zamu.

4.4 Mchezo usiokubali kuachwa

Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004 ni mchezo wa uigaji wenye masimulizi marefu. Mhusika mkuu, Carl Johnson, anarejea Los Santos baada ya mamake kufa, na kutoka hapo visa hufuatana kama sura za riwaya. Kwa mwanafunzi wa fasihi, mvuto wake ni mkubwa. Hata hivyo, katika toleo hilo la 2004, mchezaji huhifadhi hatua yake kwenye nyumba maalumu tu, na wala si katikati ya kazi aliyopewa.

Mwandishi anakiri kwamba usiku mmoja alikusudia kucheza nusu saa. Kila alipotaka kuondoka, kazi aliyoianza ilikuwa haijakamilika, na kuondoka kulimaanisha kuipoteza. Kulikucha. Tasnifu iliyotakiwa asubuhi hiyo iliwasilishwa bila ya sura yake ya mwisho, na alama zilizotolewa zililingana na kilichowasilishwa. Tangu siku hiyo alijiwekea kanuni: mchezo usiokatizika hauanzwi katika majuma ya masomo. Kanuni hii haisemi kwamba mchezo huo ni mbaya. Inasema kwamba haulingani na maisha ambamo wengine wana haki juu ya wakati wako.

5.0 Je, ukatizikaji unatosha?

Msomaji makini anaweza kutupinga kwa mfano wa Candy Crush Saga, mchezo wa 2012. Raundi zake ni fupi na kuuacha ni rahisi. Hata hivyo, mchezaji hupewa uhai tano, na kila uhai unaopotea hurudishwa baada ya nusu saa, isipokuwa akinunua au akiomba kwa marafiki. Mchezo unamwachilia mtu, kisha unamwita. Mwandishi alijikuta akitazama saa mara nyingi siku za kutocheza kuliko alivyofanya akicheza. Hivyo basi, kanuni yetu yafaa kurekebishwa: mchezo umfaao mchezaji wa kujiburudisha ni ule unaokubali kuachwa, na ambao haumdai arudi.

Kwa kipimo hiki, bao linatupa ulinganisho mzuri. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na huenda kwa hatua mbili, namua na mtaji. Si mchezo mwepesi; ana mafundi wake wanaoheshimiwa. Hata hivyo barazani hukaa pia wale wasiofikia ufundi, waanzao kwa bao la kujifunza, wachezao kidogo na kuondoka. Akiondoka mmoja, kete hubaki mashimoni, wala hakuna kete imfuatayo nyumbani. Lugha yetu, kwa hivyo, ilikwisha kumjua mchezaji huyu kabla ya skrini. Maneno kama zamu, kete, kula, hatua na fundi yanaweza kutumika katika michezo mipya bila ya kukopa mengine.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mchezaji wa kujiburudisha hachagui ovyo. Huchagua kwa kupima wakati alio nao, watu walio naye, na urahisi wa kuondoka anapoitwa. Tumeona vilevile kwamba jina tunalompa huamua jinsi tunavyomhukumu. Wahenga walisema kazi na dawa. Lililo juu yetu ni kuhakikisha kwamba dawa haigeuki kuwa kazi ya pili. Makala haya yametumia mfano wa mtu mmoja, na mipaka yake ni dhahiri. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wakusanye msamiati unaotumika vibandani na kuulinganisha na ule wa bao, ili istilahi za uwanja huu zitokane na vinywa vya wachezaji wenyewe.