Ganda la Risasi la 1916: Ukilikuta Shambani, Sheria Inasemaje?

Kando ya barabara inayotoka Voi kwenda Taveta kuna kilima kifupi kiitwacho Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, brigedi ya askari wa Afrika Kusini iliyopigana upande wa Waingereza ilijaribu kukiteka. Mizinga yao ilitwanga kilele, kumbe jeshi la Wajerumani, ambalo wengi wake walikuwa askari Waafrika, lilikuwa limechimba mahandaki sehemu ya chini ya mteremko. Waafrika Kusini walirudi nyuma wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 130, kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka. Mwezi uliofuata mapigano yakahamia vilima vya Latema na Reata. Ardhi ile yote ikabaki na maganda ya risasi, vifungo vya sare, makopo ya nyama na vipande vya makombora.

Vitu hivyo sasa vinatafutwa. Wapo wanaopita na mashine za kutambua chuma kwa kupenda historia, wapo wanaoota hazina za Wajerumani, na wapo wanaotaka vyuma chakavu vya kuuza kwa kilo. Mwananchi wa kawaida, awe ameshika mashine au awe mwenye shamba linalopekuliwa, ana haki zake na ana wajibu wake.

Mwenye shamba ndiye wa kwanza kulindwa. Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda mali yake, na sheria inayokataza kuingia ardhi ya mtu bila idhini, Sura ya 294, inamhesabu kuwa mkosaji anayeingia shamba la mtu bila ruhusa wala sababu ya maana. Mgeni akidai kwamba ameruhusiwa na mzee wa kijiji, hilo halimfungi mwenye shamba. Anaweza kumwambia aondoke, na akikaidi, kumripoti polisi.

Lakini ruhusa ya mwenye shamba inaishia kwenye kuingia tu. Kutafuta vitu vya kale vilivyolindwa kuna leseni yake, na leseni hiyo hutolewa na waziri baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa, kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Sheria hiyo haikutaja kuchimba peke yake. Imetaja pia shughuli za kutafuta juu ya ardhi. Anayesema "mimi napitisha mashine tu, sichimbi" hana pa kujificha.

Wajanja huwa na hoja nyingine, nayo inahitaji kujibiwa kwa makini kwa sababu ina chembe ya ukweli. Sheria inakitambua kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Ganda la risasi la 1916 halifiki hapo. Je, basi ni la kila mwenye kuliokota? Hapana. Waziri anaweza kutangaza katika Gazeti Rasmi kwamba mahali au kitu cha umri wowote kinalindwa kwa ajili ya historia yake, na mahali pakishatangazwa, ulinzi unaweza kujumuisha na ardhi inayopazunguka. Zaidi ya hayo, anayegundua kitu chenye maana ya kiakiolojia anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, aeleze mahali hasa alipokikuta na jinsi alivyokikuta.

Hayo maneno "mahali hasa" ndiyo moyo wa sheria nzima. Ganda likiwa mezani sebuleni ni pambo. Maganda yakipimwa pale pale yalipoangukia, yanaonyesha bunduki zilipangwa wapi, na kule Salaita swali la walikokuwa wapiga bunduki ndilo lililoamua vita. Mtu akiyang'oa na kuyatia mfukoni, ushahidi huo hauwezi kurudishwa hata akiyarejesha yote.

Sehemu ya ardhi ile ya mapigano imo ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Huko mtu asiokote kitu bila idhini ya Shirika la Wanyamapori.

Risasi nzima ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza kumiliki bunduki au risasi bila cheti, na kwamba risasi imekaa ardhini miaka mia si cheti. Anayeikuta asiipeleke nyumbani wala kwa fundi. Aweke alama mahali pale, asogee mbali, aite polisi. Akikamatwa licha ya kutoa taarifa, Ibara ya 49 ya Katiba inampa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kwa kawaida kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Kombora lisilolipuka haliulizi umri. Katika maeneo ya mazoezi ya jeshi la Uingereza huko Samburu na Laikipia, wachungaji na watoto waliuawa au kukatwa viungo na mabaki waliyoyaokota malishoni, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya walalamikaji 200. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayemtuma kijana "alete chochote kizito" anamtuma kwenye hatari hiyo hiyo, na biashara yenyewe inahitaji leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015.

Ng'ambo ya mpaka, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inaweka mwaka wa 1863 badala ya 1895. Huko uvumi wa hazina una mzizi wa kweli: mwaka 1916 Wajerumani walifua Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Matapeli wanaouza ramani na "alama za Wajerumani" huanzia kwenye ukweli huo mmoja, kisha humaliza fedha za mteja.

Na mifupa? Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina yao. Mfupa unaotokea chini ya jembe huko Maktau, kwenye barabara ile ile ya Voi na Taveta, huenda ni wa mmoja wao, na kifungo au kopo lililo kando yake huenda ndicho kitu pekee kitakachosema alikuwa nani. Anayeukuta aache kuchimba, asiondoe chochote, aripoti kituo cha polisi na kuchukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha aombe Makumbusho ya Taifa waarifiwe kwa maandishi. Akikabidhi kitu chochote, adai stakabadhi yenye maelezo ya kitu hicho, mahali kilipopatikana, tarehe, na jina la ofisa aliyekipokea.