Fukusi wa Maharagwe Si Mmoja



Vikundi vingi hununua maharagwe wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, vikayaweka mpaka ipande. Ni mpango mzuri. Lakini gunia linafunguliwa baada ya miezi miwili, mitatu, kumbe ni unga mtupu na wadudu wanapanda ukutani. Pesa ya kikundi imeliwa, ugomvi unaanza: nani hakutunza? Pengine walitunza, lakini kwa njia ya kumzuia fukusi mwingine.

Fukusi wa maharagwe wako aina mbili, na wote asili yao ni Amerika, kama maharagwe yenyewe. Wa kwanza ana rangi ya kijivu na hudhurungi, hupenda sehemu za baridi. Huanzia shambani, kwa hivyo maganda yakikauka msichelewe kuvuna. Mayai yake huyaacha huru katikati ya punje. Wa pili ni wa sehemu za joto, na yeye huyabandika mayai juu ya punje kama kwa gundi. Gikomba mzigo unatoka pande zote, hata Tanzania na Uganda, basi tunaweza kuwapata wote.

Shika rosekoko kiganjani mahali penye mwanga. Vidoto vyeupe visivyotoka ukisugua kwa kidole ni mayai ya huyu wa pili.

Sasa tazameni tofauti hii inavyofanya kazi. Funza wa yule wa kwanza akianguliwa hutafuta pa kuingilia, na lazima ajitegemeze kwenye punje ya jirani ndipo atoboe. Ukiligeuza gunia, anapoteza mahali pake, anaanza upya, mwisho anakufa. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuviringisha kila siku magunia yaliyojazwa nusu kulipunguza wadudu hao kwa asilimia 97 hivi. Bila dawa, bila shilingi! Waliokwisha kuingia ndani, hao hawazuiliki kwa njia hiyo. Na funza wa aina ya pili hutoboa moja kwa moja kutoka ndani ya yai lililobandikwa. Huyo mgeuzie gunia mpaka uchoke.

Hata mbegu zina ubaguzi huo. Katika maharagwe ya mwituni ya Meksiko ilipatikana protini iitwayo arselini, na wataalamu wa CIAT, Kolombia, wakaiingiza katika maharagwe ya kulimwa. Humzuia vizuri fukusi wa pili, lakini wa kwanza haimsumbui sana. Kwa hivyo muuzaji akisema mbegu yake haibunguliwi, muulizeni: na fukusi yupi?

Njia inayowaua wote ni kuwanyima hewa. Maharagwe yakauke kabisa, yajazwe mpaka mdomoni kwenye mtungi wa plastiki au mfuko usiopitisha hewa, yafungwe, na yasifunguliwe kwa wiki kadhaa. Mifuko hiyo ni ya kununua, ndiyo, lakini linganisheni na bei ya gunia lililoharibika.

Mkutano ujao kila mmoja alete kiganja cha maharagwe kutoka gunia lake. Tafuteni vidoto pamoja, kisha mwamue ni magunia gani ya kuviringisha na yapi ya kuhamishia mitungini.