Jina Moja, Fishi Tatu

Tukiuliza kwa nini kompyuta hazijazoeleka katika vituo vya afya vya serikali, jibu huwa umeme, intaneti na mishahara. Ni kweli. Lakini kuna kizuizi kinachotuhusu sisi wa lugha: tahajia ya majina.

Wakati wa likizo nilisaidia kunakili rejista za karatasi katika kituo kimoja hapa Bukavu. Siku moja alifika mama mjamzito. Nikatafuta « Chibalonza », sikuona kitu, nikamfungulia fishi mpya. Muuguzi mmoja mzee alipopita akamtazama usoni: « Mama, haiko weye tulitumaka ku hopitali, bakakupasula? » Ndiye. Alikuwa ameandikwa « Cibalonza », kwa maandishi ya Mashi, ambamo c husomwa kama ch ya Kiswahili. Baadaye nikakuta fishi ya tatu, « Tchibalonza », iliyoandikwa kwa sikio la Kifaransa.

Aliyewahi kuzaa kwa upasuaji hufuatiliwa kwa makini, maana kovu la kizazi linaweza kupasuka wakati wa uchungu. Fishi yangu, safi kabisa, haikuwa na neno juu ya kovu hilo.

Katika programu ile, kutafuta ni kulinganisha herufi; sauti haina nafasi. Tena Wakongomani wengi wana jina, jina la pili na la ubatizo. Jina la pili ni urithi wa siasa ya majina ya mwaka 1972, na mgonjwa mwenyewe huyataja kwa utaratibu anaoupenda.

Ugumu huu hauonekani huko juu. DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambamo nchi yetu hukusanya takwimu za afya, hupokea kutoka vituoni jumla za mwezi: wajawazito wangapi, malaria wangapi. Jumla haina jina. Hata mama yule angehesabiwa mara tatu, ripoti ingependeza tu.

Pale kituoni tulianza kuandika namba kwenye kadi ya mgonjwa, na kwa aliyepoteza kadi tukauliza jina la mama yake na mwaka wa kuzaliwa. Ilisaidia kiasi, wengi hukisia mwaka.

Sasa ninakusanya herufi zinazobadilishana katika majina, ili programu ifundishwe kuzitafuta pamoja: c, ch, tch, tsh, y na i, kama Byamungu na Biamungu, u na ou. Mashi ninaiweza. Kwa Kihavu na Kilega ninahitaji wenzangu.