Kisu cha Makomando: Toleo la Kwanza Hutambuliwaje?

*Familia imerithi kisu cha makomando wa Uingereza chenye jina la kampuni ya Wilkinson Sword. Je, ni cha toleo la kwanza? — Msomaji*

Shaka hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa kisu hicho cha makomando, kiitwacho Fairbairn-Sykes kwa majina ya wabunifu wake na kilichobuniwa 1940, kilirahisishwa hatua kwa hatua ili kitengenezwe haraka wakati wa vita. Toleo la kwanza lina kikinga mkono, yaani kipande cha chuma kati ya mpini na ubapa, kilichopinda mfano wa herufi S, pamoja na sehemu bapa isiyo na makali kwenye shina la ubapa. La pili lina kikinga kilichonyooka, na la tatu lina mpini uliozungukwa na mifuo. Kutu isisuguliwe, na kwa kuwa nakala bandia ni nyingi, kabla ya kuuzwa kisu kikaguliwe na mtaalamu wa silaha za kale.